Agnetha wa Kanyenye na Chapa Yenye Mkia

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Hapana, ngoja nijisahihishe mapema kabla sijaenda mbali. Ilikuwa elfu mbili ishirini na moja, kwa sababu kumi na tisa Bi Najiat alikuwa bado hai, na siku ninayotaka kuieleza kiti chake kilikuwa kimeshaegeshwa ukutani na Agnetha hakumruhusu mtu kukikalia.

Mimi naitwa Nestory. Nilikuwa mkagua reli, kazi ya kutembea juu ya mataruma na nyundo begani, nikigonga na kusikiliza. Reli yetu inafuata njia ileile waliyopita wapagazi zamani, basi miguu yangu nayo ikajifunza tabia yao. Nilipostaafu niliambiwa nipumzike. Nilijaribu wiki chache nikaona naumwa. Siku hizi utanikuta leo Urambo, kesho kutwa Nzega, nasalimia watu. Mwenye kitu cha kupeleka mahali ananipa napeleka. Shule sikwenda mbali, lakini kusoma na kuandika najua, na huyu Agnetha nimemwona tangu akiwa binti mdogo, kwa hiyo sidhani kama kuna mwingine atakayemwandika.

Baba yake, Zablon, alikuwa mkulima wa tumbaku upande wa Urambo, Mmoravian wa kutokosa ibada. Nilikuwa nikipita kwake kuomba maji ya kunywa. Majani ya tumbaku yakishatoka banini, kwenye kibanda cha kuyakaushia, familia nzima hukaa chini kuyapanga: ya rangi ya limau huku, ya chungwa huku, ya kahawia kule, na yenye madoa pembeni. Ndugu zake Agnetha walikuwa wakipanga huku wakipiga soga. Yeye alichukua jani, akaenda nalo mpaka mlangoni kwenye mwanga, akalitazama, akarudi. Mama yake alimwambia, "Wewe, tutakesha hapa kwa ajili yako?" Baba yake akasema, "Mwache. Anachopanga yeye mimi sirudii kukipanga." Zablon hakuwa mtu wa kusifu watoto, kwa hiyo neno hilo nililikumbuka.

Alipokua alikuja Tabora kwa shangazi yake, mtaa wa Ipuli, akitafuta mahali pa kujifunza ushonaji. Alikokwenda, mtaa wa Kanyenye, akaambiwa nafasi zimejaa. Mlango wa pili ilikuwa studio ya picha ya Bi Najiat, mama wa mjini, mwenye maneno makali na mikono inayonuka dawa za kusafishia picha. Alimwona binti amesimama barazani hajui aende wapi. Akamwita, akampa picha mbili za mtu yuleyule. "Niambie zina tofauti gani." Agnetha akazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Bi Najiat akasema, "Basi, ingia ndani," hata kabla hajajibiwa.

Alikaa naye mpaka mama yule anafariki. Walianza na filamu, kwenye chumba cha giza, picha ikijitokeza polepole kwenye beseni. Zikaja kamera zisizotaka filamu, kisha simu, na studio nyingi za mji zikafunga milango. Bi Najiat hakutaharuki. Siku moja nimekaa pale barazani nilimsikia akimwambia, "Punje zilikuwapo hata kwenye filamu, mwanangu, ila zilikuwa hazina adabu, zimejimwaga ovyo. Sasa zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Tofauti ni hiyo tu. Usiogope." Agnetha akajifunza kompyuta, akanunua printa. Duka mpaka leo lina jina la Bi Najiat juu ya mlango. Watu wakimwambia aweke lake husema, "Mbona lipo hapo, hamlioni tu."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Nina rafiki yangu Nzega, Msukuma, anaitwa Ngollo. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Mmoja aliitwa Stesheni kwa sababu hapendi kuondoka mahali. Mwenzake aliitwa Posta kwa sababu anakwenda taratibu lakini anafika. Posta alikuwa wa rangi ya majivu, na ubavuni alikuwa na chapa ya ukoo wa Ngollo: duara lenye mkia mfupi, mfano wa kata ya kuchotea maji. Kiangazi cha mwaka ule Posta alipotea malishoni. Walimtafuta mpaka wakachoka. Mawingu yakaanza kujikusanya, na Ngollo ana maksai mmoja, na jembe lake linataka wawili.

Ndipo ikatokea picha. Upande wa Igunga kuna mfugaji anaitwa Lugembe, alinunua mnadani maksai wa rangi ya majivu. Kijana wake, Wilbroad, akampiga picha kwa simu siku ileile, akaiweka kwenye stetasi, kama vijana wanavyofanya. Jamaa mmoja akaidaka kutoka kwenye kioo cha simu yake, akamtumia mwingine, mwingine akaitupa kwenye kundi la wasap la ukoo, na mwisho ikamfikia Ngollo. Ngollo alipoiona alisimama. Ubavuni mwa ng'ombe yule aliona duara, na kwenye duara aliona mkia.

Kumtazama ng'ombe mwenyewe kusingesaidia, maana maksai wa rangi ile ni wengi na kila mmoja angesema ni wake. Lugembe alikuwa ameshampiga chapa yake juu ya ile ya zamani, na pale pote palikuwa kovu. Lugembe alisema aliyemuuzia alikuwa na chapa ya duara tupu, na hana sababu ya kudanganya. Wazee wa pande mbili wakapanga kukutana Ijumaa waamue. Kwa hiyo kilichobaki ni ile picha.

Nikamkuta Ngollo amezungukwa na watu, simu iko mkononi, wote wanamwambia, "Ivute. Ivute zaidi." Anaivuta kwa vidole viwili, ng'ombe anakuwa mkubwa, duara linakuwa kubwa, kisha kila kitu kinageuka vigae, kama sakafu ya hospitali. Wanamwambia tena avute. Mimi nilitazama, nami niliuona mkia. Sote tuliuona.

"Nestory," akaniambia, "nipeleke kwa yule mtu wako wa Tabora. Anichapie picha hii, ukubwa wa mlango, niisimamishe mbele ya wazee. Hata mwenye mtoto wa jicho aone."

"Itume kwa simu," nikamwambia. "Kuna haja gani ya kwenda?"

"Ninyi Wanyamwezi babu zenu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Wewe unashindwa kunibebea simu?"

"Walikuwa wanabeba za Waarabu. Za Wasukuma walikuwa wanakataa."

Akacheka, na nilifurahi kumwona anacheka, maana siku zile alikuwa amenyamaza sana. Tukapanda basi asubuhi. Alichukua na mfuko wa karanga zake, kwa sababu kwenda kwa mtu mikono mitupu hakuzoea.

Tulimkuta Agnetha anapanga picha za pasipoti. "Shikamooni, baba zangu."

"Marahaba, mwanangu," Ngollo akasema. "Nimekuja unipigie chapa."

"Chapa ipi, baba? Ya karatasi au ya ng'ombe?"

"Zote mbili."

Tukaeleza. Agnetha akaipokea ile simu, akatazama picha bila kuivuta, kisha akaivuta, kisha akaihamishia kwenye kompyuta. Kwenye kioo kikubwa ng'ombe alionekana kama amefunikwa chandarua. Agnetha akamtazama jinsi alivyokuwa akilitazama jani mlangoni kwao.

"Baba, picha hii siwezi kuifanya mlango."

"Mbona mabango ya barabarani ni makubwa kuliko nyumba?"

"Bango unalitazama ukiwa mbali. Siku moja lisogelee mpaka chini yake, utaona madoa matupu. Nikikuchapia mlango na wazee wakakaa mbali, wataona ng'ombe. Chapa hawataiona. Wakisogea waione chapa, wataona vigae."

"Lakini kwenye simu ni safi."

Agnetha akafungua ule mfuko wa karanga, akauliza, "Naruhusiwa?" Akalaza simu ya Ngollo mezani, akachota konzi moja akaimwaga juu ya kioo, akazisogeza kwa kidole mpaka zikabanana. Simu ikafunikwa, hukuona kioo kabisa.

"Picha ni hivi," akasema. "Ni punje. Kila punje ina rangi moja tu. Kwenye simu zimebanana, jicho lako haliwezi kuona moja moja, linaona ng'ombe. Sasa wewe unataka mlango." Akazichukua karanga zilezile akazitawanya meza nzima. Meza ikaonekana, na karanga huku moja, kule moja. "Punje hazikuongezeka. Kilichoongezeka ni nafasi. Kwa karatasi ya kushika mkononi mimi nataka punje kama mia tatu kwa urefu wa inchi moja, pingili hii ya kidole gumba. Hii picha ina punje za kutosha stempu ya barua."

Ngollo akatazama meza. "Basi ziba mapengo. Mashine zenu zinaweza, nimesikia."

"Zinaweza." Akainuka, akaenda nyuma, akarudi na mahindi kwenye bakuli, akayamimina katikati ya karanga mpaka meza ikajaa. "Imejaa?"

"Imejaa."

"Wewe ulileta mahindi?"

Mimi nikaokota karanga moja nikala, nikaambiwa niache kula ushahidi.

Ngollo akavuta kiti karibu. Sauti yake ikashuka. "Mwanangu, sikuombi uongo. Mkia upo, tumeuona wote, huyu Nestory ameuona. Mimi nakuomba uusafishe tu. Uukoleze kidogo ili na wengine wauone. Mvua inakuja na mimi nina ng'ombe mmoja."

Hapo nilimtazama Agnetha, maana Ngollo ni mtu wa kuonewa huruma na maneno yake yalikuwa ya kweli. Alikuwa anakusanya karanga na kuzirudisha mfukoni.

"Baba, pale unapoona mkia mimi naona vigae vitatu vyeusi. Vinaweza kuwa mkia. Nikivikoleza vitakuwa mkia, hilo naweza, ni kazi ya dakika chache. Lakini punje hizo zitakuwa zangu, si za ng'ombe. Nitakuwa nimempiga chapa ng'ombe wa mtu nikiwa nimekaa hapa Kanyenye. Mimi ni mchapaji wa karatasi tu."

"Kwa hiyo unanirudisha hivihivi?"

"Sijasema hivyo. Nani aliyempiga picha?"

Tukamwambia. Akaomba namba, Ngollo akaitafuta kwa watu wa ukoo, na Agnetha akapiga akaweka spika tusikie.

"Wilbroad, habari za huko. Mimi naitwa Agnetha, niko Tabora, nachapa picha. Ile picha ya maksai uliyoiweka stetasi, bado unayo kwenye simu? Siyo ya stetasi. Ile yenyewe, uliyopiga."

"Ipo. Kwani vipi?"

"Naiomba. Usinitumie kama picha, wasap itaipunguza. Itume kama dokumenti."

"Wewe umetumwa na wale wa Nzega. Mnataka kumnyang'anya mzee ng'ombe wake."

"Nimetumwa nao, ndiyo, wako hapa wanakusikia. Lakini sijui picha hiyo itamfaa nani. Nikiona mkia nitachapa mkia. Nisipouona nitachapa hivyohivyo, na nakala nitawapa ninyi na wao, sawasawa."

Tukasikia minong'ono, kisha sauti ya mtu mzima. Alikuwa Lugembe mwenyewe. "Mama, simu hii haitoki mkononi mwangu. Tutakuja nayo."

Tulipokuwa tunangoja, Ngollo aliuliza kwa nini picha ya kijana iwe tofauti na yake wakati ni moja. Agnetha akamwambia kwamba picha ikitumwa wasap, mtandao unaupunguza mzigo ili upite haraka, na anayeidaka kutoka kwenye kioo chake anabeba kile tu kioo chake kilichoonyesha, na akiituma inapunguzwa tena. Nikasema, kumbe ni kama msafara. Mpagazi anapokea mzigo, kituo cha kwanza anatoa kidogo apate nafuu, cha pili kidogo, mpaka anafika, gunia ni lilelile na jina ni lilelile, ndani hakuna kitu. Agnetha akacheka, akasema maneno hayo atawaambia wateja. Ngollo akasema, "Si nilisema Wanyamwezi."

Kesho yake walifika, Lugembe na kijana wake. Lugembe ni mrefu, mkimya, fimbo haiachi. Alisalimiana na Ngollo kwa heshima lakini wakakaa pande mbili za duka, na kile kiti cha Bi Najiat kikabaki katikati. Agnetha akaunganisha simu kwa waya, faili likaingia, akalifungua.

Sijui nielezeje. Ng'ombe alikuwa yuleyule, lakini kama mtu ametoka kunawa uso. Agnetha akaanza kuvuta, na safari hii kila alipovuta kitu kilikuja. Zikaja nywele za ngozi. Wakaja nzi. Chini ya kwapa akaja kupe, amenona.

Lugembe akakohoa. "Hata kupe anaonekana."

"Posta wangu hakuwa na kupe," Ngollo akasema. "Nilikuwa namwogesha dawa."

"Basi ndiyo kusema si wako."

Hakuna aliyecheka, ila Wilbroad kidogo, akaziba mdomo. Agnetha akasogeza picha mpaka kwenye chapa, akaondoa mkono kwenye kompyuta, akasimama pembeni ili wote waone sawa.

Lilikuwa duara. Duara tupu, limefunga vizuri. Na ule mkia ulikuwepo, ila haukuwa mkia. Ilikuwa ncha ya kamba aliyofungwa mnadani, imetupwa mgongoni ikaning'inia ubavuni, mpaka nyuzi zake za katani zilionekana zimechanguka.

Ngollo aliinuka, akaenda karibu na kioo, karibu kabisa, kama mtu anayechungulia dirishani. Alikaa pale. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, "Kamba."

"Kamba, baba," Agnetha akasema.

Akageuka akamwendea Lugembe, akampa mkono. "Nimekusumbua, ndugu yangu. Ijumaa nitawaambia wazee mwenyewe."

Lugembe akaushika mkono hakuuachia haraka. "Hata mimi ningeona mkia," akasema. "Ningekuwa mimi niliyepoteza, ningeona."

Agnetha alichapa karatasi mbili za ukubwa wa kawaida, za kushika mkononi, moja ya huku na moja ya kule. Ijumaa zilipita mikononi mwa wazee, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alianza kwa kucheka yule kupe. Shauri likaisha kabla chai haijapoa. Nilikaa nyuma nikawa nafikiri: lau Agnetha angekubali kukoleza vile vigae vitatu, pale mbele ungesimama mlango wenye mkia mkubwa, Lugembe angenyang'anywa ng'ombe wake halali, na Ngollo angelima mashamba yake kwa ng'ombe wa mtu, akiamini kabisa ni wake. Na asingejua mpaka anaingia kaburini. Mwanamke yule aliwakinga wote wawili, na alichofanya ni kukataa tu, kisha kupiga simu.

Siku ile kabla hatujaondoka dukani alikuwa amemuuliza Ngollo, "Baba, picha ya Posta unayo?" Hakuwa nayo. Nani anapiga picha maksai wake wakati anamwona kila siku? Tangu hapo Agnetha, siku za mnada, huchukua kamera yake akaenda. Anapiga picha ng'ombe wa watu, ubavu huu na ubavu huu, na picha hazipunguzi, anampa mwenyewe kwenye kadi ya kumbukumbu, anamwambia, "Hii usiitume ovyo, iweke." Wengine wanamcheka, wanamwita mpiga picha za harusi ya ng'ombe. Anacheka nao, anainama kutafuta mwanga mzuri.

Mvua zilipoanza Lugembe alifanya jambo ambalo hakuombwa. Alipomaliza kulima kwake alimpa Wilbroad yule maksai wa rangi ya majivu amlete Nzega, Ngollo amtumie kwa siku kadhaa. Nilikuwepo walipomleta zizini. Stesheni alinyanyua kichwa alipoona ile rangi, akasogea haraka, yeye asiyependa kuondoka mahali. Akamnusa shingo, akamnusa ubavu. Kisha akageuza kichwa akarudi pale alipokuwa, akasimama upande wake wa kulia, kushoto ameacha nafasi ya Posta.

Walilima, lakini kwa shida. Jioni Ngollo alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia, wewe unayepita kila mahali, uliza.

Nami nauliza. Nimeuliza Urambo kwenye vituo vya kununulia tumbaku, nimeuliza Igunga minadani, nimeuliza njia yote ya zamani mpaka wanaonijua huanza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Maksai wa rangi ya majivu, mwendo wa taratibu, ubavuni duara lenye mkia mfano wa kata: amepita huku?